Ngoma Nayo Ina Ngazi Yake: Sauti za Uroa Ambazo Kinanda Hakizijui

Wapo watu wengi mjini, na baadhi yao ni wasomi, wanaoamini kwamba ngoma ni mshindo mtupu. Kwao muziki ni ule wenye noti: kinanda, gita, tarumbeta na kwaya. Ama ngoma za shamba, hizo huziweka katika fungu la shamrashamra, jambo la kuchangamsha harusi na kupokea wageni. Wakiulizwa lahani ya ngoma iko wapi, hucheka. Wakiulizwa ngazi yake ya sauti, hujibu kwamba haina.

Ndugu msomaji, fikra hii inastahili kuchunguzwa, kwani madhara yake hayaishii katika mazungumzo ya barazani. Mtoto aliyefunzwa wimbo wa harusi na bibi yake kijijini, kisha akauimba mbele ya kinanda cha umeme, huweza kuambiwa kwamba anaimba kombo. Atasahihishwa mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu atakuwa amekwisha kuiacha sauti ya bibi yake na kushika sauti ya kinanda. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Lakini siku ile kitu kimoja kimetoweka katika nyumba ile, wala hakuna aliyekiona kikitoka.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha isiyohitaji chuo, jinsi lahani na ngazi za sauti zinavyofanya kazi katika ngoma na nyimbo zetu. Mahali pa kusimamia ni Uroa, kijiji cha wavuvi katika pwani ya mashariki ya Unguja, ukishapita Chwaka na Marumbi na kabla hujafika Pongwe. Si kwamba Uroa ina ngazi yake peke yake isiyojulikana kwingine. Uroa ni mfano mzuri kwa sababu ni kijiji cha kawaida cha pwani yetu: wavuvi, wakulima wa mwani, chuo cha Kurani, na harusi ambazo bado zina wanawake wanaojua kuimba.

NGAZI NI NINI?

Tuanze na jambo ambalo kila familia inaweza kulijaribu leo jioni. Baba, mama na mtoto waimbe pamoja wimbo mmoja wanaoujua wote. Sauti ya baba ni nzito, ya mama na mtoto ni nyembamba, na hata hivyo mtu akiwasikiliza kutoka ukumbini atasema wanaimba sauti moja. Hapo pana siri. Sauti yoyote ni mtikisiko wa hewa. Baba akitoa sauti inayotikisika mara 200 kwa sekunde, mama atatoa ile inayotikisika mara 400, yaani maradufu, na sikio la binadamu huzipokea sauti hizo mbili kama pacha: moja iko chini, nyingine iko juu, lakini jina lake ni lile lile.

Baina ya pacha hao wawili pana nafasi, na nafasi hiyo lazima ipandwe kwa vidato. Ngazi ya sauti ndiyo hiyo: idadi ya vidato, na umbali wa kila kidato na mwenzake. Mahali pacha wanapokaa pamewekwa na maumbile. Vidato vya katikati, kwa sehemu kubwa, vimewekwa na watu, na watu hawakukubaliana duniani kote.

Kinanda cha Kizungu kimegawa nafasi hiyo katika vidato 12 vilivyo sawasawa. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kazi yake, na umetawala dunia kwa sababu viwanda vimetengeneza vinanda na magita kwa mamilioni. Lakini ni mgawanyo mmoja tu miongoni mwa mingi. Kuuchukua kuwa kipimo cha nyimbo zote ni sawa na kuchukua pishi ya muuza mchele na kutaka kupimia kitambaa.

NGOMA INAPOSEMA JUU NA CHINI

Sasa tuitazame ngoma yenyewe. Uzi wa zeze au wa udi ukipigwa, sauti zake ndogo zinazofuatana hupangika kwa utaratibu: ya kwanza 100, ya pili 200, ya tatu 300, na kuendelea. Kwa sababu hiyo sikio hutambua upesi sauti ya uzi ni ipi. Ngozi iliyowambwa kwenye mviringo haina utaratibu huo. Ikiwa sauti yake ya kwanza ni 100, inayofuata huwa kiasi cha 159, na inayofuata tena 214. Mchanganyiko huo ndio unaolifanya sikio lisite: hii ni sauti gani hasa? Basi mtu asiyezoea husema ngoma haina sauti, kumbe ngoma ina sauti nyingi kwa pamoja.

Wapigaji wetu hawakusoma hesabu hizo, lakini wanazijua kwa viganja vyao. Ngozi ikipigwa katikati kwa kiganja kizima hutoa sauti ya chini iliyojaa. Ikipigwa pembeni kwa vidole hutoa sauti ya juu iliyo kavu. Ikipigwa na kubanwa palepale hutoa kishindo kifupi kisicho na mwangwi. Kwa hiyo ngoma moja tayari ina vinywa vitatu. Ngoma tatu zikikaa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, pana vinywa tisa. Hapo pana ngazi, ingawa vidato vyake havikupimwa kwa kinanda.

Hata majina ya ngoma zetu yanasema juu na chini. Vumi ni ngoma ya sauti nene, na jina lake limetoka katika kuvuma. Chapuo ni ngoma ndogo yenye sauti ya juu. Msondo ni ngoma ndefu. Marehemu Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude na kufariki mwezi Aprili 2013, alikuwa akiufunga kiunoni na kuupiga amesimama, msondo ukiwa baina ya miguu yake. Wahenga waliposema kwamba ngoma ivumayo haidumu, walikuwa wakimwonya mwanadamu, lakini msemo ule umetoka kwa watu waliojua vizuri kwamba ngozi iliyokazwa kupita kiasi hupasuka.

Kukaza ngozi ndiko kutuna sauti ya ngoma. Kisiwani, kazi hiyo ina adui wake, nao ni unyevu. Wakati wa masika hewa hujaa maji, ngozi hulegea, na ngoma iliyokuwa ikilia jana leo hunung'unika. Kwa hiyo kabla ya mchezo huwashwa moto, na ngoma huelekezwa kwenye joto mpaka ngozi ijikaze. Mgeni huona watu wanaota moto tu. Lakini angalia mpigaji anavyofanya: huipiga ngoma yake kidogo, huisikiliza, huipiga ya mwenzake, huirudisha motoni, huisikiliza tena. Hapo anatafuta umbali fulani baina ya ngoma na ngoma. Akiupata umbali huo, mchezo unaweza kuanza. Asipoupata, wachezaji watalalamika kwamba ngoma hazijakaa, hata kama hakuna kati yao awezaye kueleza kwa maneno kilichopungua.

LAHANI ISIYOPIGWA NA MTU

Jambo la ajabu zaidi ni hili: katika kundi la ngoma mara nyingi husikika lahani ambayo hakuna hata mmoja anayeipiga. Mpigaji wa ngoma ndogo anapiga lake, wa ngoma ya kati anapiga katika nafasi alizoachiwa, na wa vumi anatia nguzo. Sikio la msikilizaji hukusanya sauti za juu zote, haijalishi zimetoka ngoma gani, likazifanya mstari mmoja. Hukusanya na za chini, likazifanya mstari mwingine. Mistari hiyo haimo mikononi mwa mtu yeyote. Imo katika sikio la anayesikiliza.

Elimu hii ilipata kuandikwa kwa uwazi kutokana na muziki wa majirani zetu wa Buganda. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, alikwenda Uganda mwishoni mwa mwaka 1959 na kujifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki mashuhuri wa Buganda. Amadinda ni marimba ya mbao 12 yanayopigwa na watu watatu. Wawili wanapokezana, pigo la huyu likiingia baina ya mapigo ya yule, na wa tatu anazisikiliza sauti mbili maalumu katika mchanganyiko ule na kuzirudia juu kabisa. Kubik aligundua kwamba alichokisikia katika kanda si kile alichokuwa akikipiga kwa mikono yake. Mwaka 1962 akaandika juu ya jambo hilo, na tangu hapo wataalamu wa muziki duniani wamekuwa wakilitaja.

Buganda hiyo hiyo ilikuwa na jibu kamili kwa wale wasemao ngoma haina noti. Katika kasri ya Kabaka palikuwa na kundi liitwalo entenga, lenye ngoma 15. Kati ya hizo, 12 zilikazwa kwa kufuata ngazi ile ile ya amadinda, na watu wanne walipiga nyimbo nzima juu yake, huku wawili wakipiga ngoma tatu zilizobaki. Mtu aliyeujua wimbo aliweza kuutambua kwa ngoma tupu, bila mwimbaji. Mwaka 1966 kasri ya Mengo ilishambuliwa, na mwaka uliofuata ufalme ukafutwa. Ulirejeshwa mwaka 1993. Katika miaka hiyo wapigaji wa kasri walitawanyika, na elimu iliyokuwa imebebwa na watu wachache ikabaki inaning'inia kwenye uzi. Tukio hilo linatufunza kwamba ngazi ya sauti haikai ndani ya ngoma. Ngoma inaweza kuwekwa makumbusho ikiwa nzima na wimbo wake ukawa umekwisha kufa.

VIDATO VITANO, VIDATO SABA

Turejee kwenye ngazi. Amadinda ina vidato vitano vinavyokaribia kuwa sawasawa. Tukianza na mitikisiko 200, vidato vinavyofuata huwa kiasi cha 230, 264, 303 na 348, mpaka kufika pacha wake, 400. Kinanda cha Kizungu kikiombwa kutoa ngazi ya sauti tano kitatoa kiasi cha 224, 252, 300 na 336. Hesabu zinakaribiana, lakini si zile zile, na sikio la Muganda mzee litakataa.

Nenda Dodoma, kwa Wagogo. Wao wamefuata njia nyingine kabisa: ngazi yao imejengwa juu ya zile sauti ndogo zinazofuatana ndani ya sauti moja ya asili, kama zinavyosikika katika uzi wa zeze. Mojawapo ya sauti hizo, ya saba, haimo katika kinanda. Ikiwa msingi ni 200, sauti hiyo ni 350, na kinanda kitakupa 356. Tofauti ya mitikisiko sita inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayozipa nyimbo za Wagogo utamu ule uliomfanya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, asikilizwe katika kumbi za Ulaya na Asia.

Na pwani? Pwani yetu imekuwa mlango wa wageni kwa zaidi ya miaka elfu, na sikio la mtu wa pwani limelelewa na walimu wengi. Mtoto wa Uroa husikia adhana kabla hajajua kusema. Akikua hupelekwa chuoni, akasikia Kurani ikisomwa kwa sauti. Husikia maulidi na zikri, husikia dufu na matari. Nyumbani husikia nyimbo za kutwanga, za kubembeleza mtoto na za harusi, ambazo asili yake ni ya Kiafrika. Baadaye husikia taarabu redioni. Sauti zote hizo huchanganyika kifuani mwake, na akifungua kinywa kuimba hutoka ngazi ambayo si ya Kairo, si ya bara, wala si ya London.

Waarabu katika muziki wao hutumia makamu, nayo ni zaidi ya ngazi: ni vidato pamoja na desturi ya kuvipanda na kuvishuka. Majina kama rasti, bayati, hijazi na sika yanajulikana kwa wapigaji wa taarabu wa Zanzibar. Nadharia ya Kiarabu ya siku hizi huhesabu vidato vidogo 24, maradufu ya vile vya kinanda, kati ya sauti na pacha wake. Chukua rasti. Kidato chake cha tatu kinakaa katikati ya vidato viwili vya kinanda. Tukianza tena na 200, kinanda kina 238 na kina 252. Kile cha rasti kiko kiasi cha 245. Mpigaji wa fidla atakipata, kwa kuwa shingo ya fidla haina vizuizi na kidole chake kiko huru. Mpigaji wa udi atakipata. Mpigaji wa kanuni atakipata kwa kugeuza vijichuma vidogo kando ya nyuzi zake. Mpigaji wa kinanda cha kawaida hatakipata, hata akiwa fundi namna gani, kwa sababu kitufe chake hakikutengenezwa.

Wengi wa wanawake wanaoimba harusini hawakusoma makamu, wala hawana haja ya kujua majina yake. Lakini sauti hizo za katikati zimo kooni mwao. Pale mwenye kinanda anaposema bibi kaimba kombo, mara nyingi bibi amekipiga kidato chake sawasawa, na kilichokosekana ni kitufe.

NAMNA WIMBO UNAVYOKWENDA

Tusidhani kwamba lahani ni vidato tu. Nyimbo nyingi za ngoma zina mwendo wake unaotambulika. Kiongozi, ambaye Waswahili humwita manju au mwimbishaji, huanzia juu. Sauti yake inapaswa kupenya ngoma, vigelegele na maneno ya watu. Kisha lahani huteremka hatua kwa hatua na kutua chini, mahali panapoweza kuitwa nyumbani kwa wimbo. Waitikiaji hudaka kabla kiongozi hajamaliza vizuri, hata sauti ya mwisho ya mmoja ikawa juu ya sauti ya kwanza ya wengine, na wimbo hauna pengo. Kwa kawaida waitikiaji wa pwani huimba sauti moja pamoja, si sauti nne kama kwaya. Lakini kila mmoja ana njia yake ya kukifikia kidato: huyu hukipanda moja kwa moja, yule hukizunguka, wa tatu hukipamba. Ukisikiliza kwa mbali unasikia sauti moja iliyo pana, kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi.

Lugha nayo ina neno lake. Lugha nyingi za Kibantu, kama Kiganda, Kihaya au Kisukuma, hutofautisha maana ya maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtunzi katika lugha hizo hawezi kupeleka lahani popote apendapo, kwani anaweza kuligeuza neno. Kiswahili hakina sharti hilo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hata huo mwimbaji huweza kuusogeza bila kuharibu maana. Ndiyo maana kwetu lahani moja huweza kuvishwa maneno mengi, mradi mizani itimie. Utenzi una mizani 8 katika kila kipande. Mshororo wa shairi una 16, nane na nane. Mwanamke hodari wa kutunga akishika lahani ya zamani huweza papo hapo kumsifu bwana harusi, kumbembeleza bibi harusi na kumchoma jirani aliyesema vibaya, bila kubadilisha sauti hata moja. Lahani ni kama khanga ya kisutu: inafahamika na wote, na kila arusi huipa mwili mpya.

Mizani hiyo hukutana na ngoma. Silabi za wimbo huangukia mapigo, lakini si lazima mwanzo wa wimbo uwe mwanzo wa ngoma. Mara nyingi manju huingia ngoma ikiwa katikati ya mzunguko wake, na mgeni hupoteana. Mwenyeji hapotei, kwa sababu miguu yake inafuata ngoma na kinywa chake kinafuata wimbo, na mwili wake ndio unaovipatanisha.

Katika kidumbaki utaliona jambo hili vizuri. Kundi la kidumbaki lina ngoma mbili ndogo, moja ikilia juu kuliko mwenzake. Lina cherewa, yaani vifuu vilivyotiwa mbegu, na mkwasa, vijiti viwili vinavyogonganishwa. Lina sanduku lenye uzi mmoja, ambalo mpigaji hupata sauti nene za chini kwa kuukaza na kuulegeza. Juu ya vyote hivyo iko fidla, ambayo peke yake hubeba lahani pamoja na mwimbaji. Nyimbo nyingi zimetoka katika taarabu, lakini zikifika hapa huharakishwa na kutiwa mapigo ya ngoma, na maneno huwa makali zaidi. Anayedhani taarabu ni ya Waarabu na ngoma ni ya Waafrika, na kwamba baina yao pana ukuta, aketi karibu na kidumbaki usiku mmoja. Ataona ukuta huo una mlango mpana.

Na katika vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, hupigwa pembe kwa kijiti. Pembe haikazwi wala haitunwi. Kila moja ina sauti yake iliyozaliwa nayo. Pembe nyingi zikipigwa pamoja hutoa mvua ya sauti kavu za juu, na waimbaji hutafuta nafasi yao chini ya mvua hiyo.

KILICHO HATARINI

Mabadiliko si jambo geni kwetu, wala si adui. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri ajifunze kanuni, na kutoka hapo taarabu ikaota mizizi. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na akaonyesha kwamba muziki wa baraza za wakubwa unaweza kuimbwa na mtoto wa shamba. Akodiani nayo ilikuja ikakaribishwa, ijapokuwa vitufe vyake havina vidato vya katikati, na mafundi wakajifunza kuviruka.

Lakini tangu miaka ya 1990, kinanda cha umeme kimeshika nafasi ya fidla, ya sanduku na hata ya ngoma zenyewe. Mtu mmoja na spika mbili huweza kufanya kazi iliyofanywa na watu sita. Gharama ya harusi hupungua, na familia ya mfanyakazi haina budi kuhesabu gharama. Hatuwezi kumlaumu mzazi kwa hilo. Linalopasa kusemwa ni kwamba katika bei ile rahisi kuna kitu kinacholipwa kimya kimya, nacho ni sikio la watoto. Mtoto anayesikia vidato 12 tu tangu kuzaliwa kwake atafika mahali hawezi tena kukisikia kile cha kumi na tatu. Hatakichukia, atakiona ni kosa tu.

Kazi nazo zimebadilika, na nyimbo hukaa katika kazi. Kinu kimemwachia nafasi mashine ya kusaga. Wanawake wa pwani ya mashariki, tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, hutumia saa nyingi za maji kupwa shambani kwao baharini, kila mmoja kwenye kamba zake, ambapo zamani wengi walikaa pamoja kupiga makumbi kwa ajili ya kusokota kamba. Mapigo ya gongo juu ya kumbi yalikuwa ni ngoma, na kazi ilikuwa na wimbo. Wimbo unaokosa kazi hutafuta harusi. Ukikosa na harusi, hauna pa kukaa.

Shukrani ni kwamba juhudi zipo. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango yake Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha vijana taarabu, kidumbaki na ngoma kwa mikono ya mafundi wenyewe. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza kazi kama hiyo kwa upande wa bara mwaka 1981. Lakini chuo hakiwezi kuingia kila nyumba. Nyumba ina mwenyewe.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, zoeza masikio ya watoto. Panga bilauri tano mezani, tia maji kwa viwango mbalimbali, na zigongwe polepole kwa kijiko. Yenye maji mengi italia chini, yenye maji machache italia juu. Mwambie mtoto aongeze maji tone kwa tone mpaka apate sauti inayomridhisha katika wimbo anaoupenda. Ataona mwenyewe kwamba baina ya sauti mbili pana sauti nyingine nyingi, na kwamba kuchagua ni kazi ya sikio.

Pili, mtakapokwenda shamba, Uroa au kwingineko, waombeni wazee waimbe bila kinanda na bila haraka. Simu ya mkononi inatosha kunasa sauti. Nasa wimbo wote, pamoja na waitikiaji na ngoma, kisha omba kila ngoma ipigwe peke yake. Andika jina la mwimbaji, mahali, tarehe, wimbo ni wa shughuli gani na nani alimfunza. Ombeni ruhusa kwanza, na msishangae mkikataliwa baadhi. Nyimbo za unyago, kwa mfano, ni za wanawake kwa wanawake, na heshima ya wimbo ni pamoja na kujua nani haimhusu.

Tatu, mwalimu au mzazi anayemsikia mtoto akiimba kidato asichokijua, kabla ya kumsahihisha amuulize: umefunzwa na nani? Ikiwa amefunzwa na bibi yake, basi amwite bibi, aimbe mara tatu. Mtu anayekosea hukosea kila mara kwa njia nyingine. Bibi akikipiga kidato kile kile mara tatu mahali pale pale, hapo hapana kosa. Ni ngazi ya watu wake, naye anaipanda kama alivyofunzwa.